Macho ya Mlangoni

Wewe uliyeketi kwenye benchi ya kliniki ya macho, umeshika kadi yako na hujui uiangalie au uifiche, sogea kidogo nikae. Sitakueleza ugonjwa. Huo ataueleza daktari, na ukiwa kama mimi hutasikia hata nusu yake. Ninataka kukuambia uongo nilioufanya kwa kidole kimoja, ili wewe usiurudie. Mimi ni fundi wa sweta. Watu wa mtaa wa Huruma wananiita Mama Wanja, na kama una mtoto wa shule hapa Eldoret na hajavaa sweta yangu, basi rafiki yake amevaa.

Chumba chetu cha kazi ni kimoja, na mlango wake unafunguka moja kwa moja barabarani. Mashine yangu ya kufuma ni ile ya mkono. Ina safu ya sindano iliyo ndefu kama meza, na juu yake kuna chuma unachokisukuma kwenda na kurudi, kree-kree, kree-kree, kila mpito mstari mmoja. Kushoto kwangu, karibu na mlango, kuna stuli ya Baba Wanja, mume wangu, fundi wa viatu. Tumekaa hivyo miaka ishirini na saba, mimi na nyuzi zangu, yeye na gundi yake, na sufuria ya maziwa kwenye jiko la makaa katikati yetu.

Siku hizo nilikuwa na kuona kwa namna mbili, na sikujua kwamba ni mbili mpaka moja ilipoondoka. Kulikuwa na macho ya sindano. Hayo unayatuma kazi: hesabu mistari, angalia uzi usikatike, punguza sindano mbili kwa ajili ya kwapa. Ukiyatumia sana kichwa kinauma. Halafu kulikuwa na macho ya mlangoni, na hayo hakuna mtu anayeyatuma. Yanakaa wazi tu. Nikiwa nimeinamia mstari wa sitini nilikuwa najua maziwa yanapanda, najua wingu limekuja, najua mwenye nyumba amepita upande ule na hajaingia, asante Mungu. Mtoto akisimama mlangoni na mama yake, nilikuwa najua ukubwa wa sweta yake kabla sijainua kichwa. "Huyo ni saizi ya ishirini na sita," nasema, na mama anacheka kwa mshangao. Na upande wa kushoto kabisa, pale macho yanapoishia, kulikuwa na kitu cha kahawia kinachosogea polepole, na hicho kilikuwa mume wangu.

Aki nimeyakumbuka macho hayo. Ujana wangu sijaukumbuka hivyo.

Ugonjwa huu haupigi hodi. Hauumi, hauwashi, hautoi usaha. Ulianza na maneno ya watu. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na mimi ninafuma mpaka mabega yanakufa ganzi, na jirani yetu anayeuza mboga akaniambia waziwazi, "Mama Wanja, siku hizi unaringa. Nimekusalimia mara mbili umenipita tu." Nikamwambia hajanisalimia. Akaapa. Kidogo kidogo nikasikia kwamba nimeringa kwa mwalimu, nimeringa kwa mzee wa kanisa, nimeringa hadi kwa mama mkwe wa dada yangu. Huruma unaweza kufanya makosa mengi usamehewe, lakini ukimpita mtu bila salamu, hiyo ni kesi. Mimi nikawaza kwamba watu wananionea wivu kwa sababu msimu umenichangamkia. Bega la kushoto lilikuwa linagonga fremu ya mlango kila asubuhi, na mimi ninaulaumu mlango.

Nilienda kliniki kutafuta miwani. Ndiyo, miwani! Na nilikuwa ninatia uzi kwenye sindano bila shida, herufi ndogo kabisa za ukutani nikazisoma kwa sauti kama mtoto wa nasari. Daktari hakufurahi. Alinipima, akaangalia nyuma ya jicho kwa taa yake kali, akaketi. "Ni presha ya macho, mama. Katikati bado ni pazuri. Inakula kutoka pembeni. Kilichoenda hakirudi. Kazi yetu ni kulinda kilichobaki." Nikamuuliza kama nitaendelea na mashine. Akasema tutaona pembeni pakipimwa. Hapo ndipo hofu yangu ilipopata mahali pa kukaa. Sikuogopa kuwa kipofu. Hilo lilikuwa kubwa mno, halikuingia kichwani. Niliogopa kutolewa pale mlangoni.

Nikaanza matone wakati watu wanalima mashamba kungojea mvua. Tone la chupa moja asubuhi, la nyingine jioni. Yanachoma, halafu yanashuka kooni machungu kama mwarobaini. Macho yakawa mekundu hata mchungaji akaniita kando kuniuliza kama kuna shida nyumbani. Halafu kope zikaanza kurefuka. Dawa hiyo inafanya hivyo kwa watu wengine, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nne, nikawa na kope ndefu nyeusi kama za ndama. Wasichana wa kwaya waliniuliza nimebandika wapi. Nikawaambia Nairobi.

Kwenye benchi nilimpata Mama Chebet, mkulima wa mahindi kutoka Sugoi, ambaye alikuwa na ugonjwa huo huo na amenitangulia miaka mingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kufinya kona ya jicho pale karibu na pua baada ya kutia tone, ili dawa ibaki machoni na isishuke kooni. Hilo peke yake lilistahili nauli. Alikuwa anakuja na chupa ya maziwa yake ya kibuyu, tunakunywa tukingoja jina liitwe. "Mimi ng'ombe wakifika najua," aliniambia. "Nasikia udongo kwa miguu. Usiweke kazi yote kwa macho, mama. Macho ni kibarua tu, siku moja haji." Nilicheka. Sikumsikia vizuri, kwa sababu nilikuwa ninangojea kipimo.

Kipimo chenyewe ni hivi, na usiogope. Wanakuingiza kwenye chumba cha giza, unaweka kidevu kwenye kikombe cha plastiki, jicho moja limefunikwa. Mbele yako kuna bakuli kubwa jeupe. Sista aliyenipima, msichana mpole, alinipa kitufe mkononi. "Mama, tazama hii taa ya katikati tu. Usitafute nyingine. Ukihisi taa ndogo imewaka pembeni, bonyeza. Usipoona, tulia. Hakuna kufaulu wala kufeli."

Mimi nikasikia kufaulu na kufeli.

Sasa, mashine ile ina sauti. Ndogo sana, kama mtu anayemeza mate, kabla ya kila taa. Wengine labda hawaisikii. Lakini mimi nimekaa na mashine miaka ishirini na saba, ninajua uzi unaotaka kukatika kwa sauti kabla haujakatika, ninaweza kufuma mgongo mzima wa sweta huku ninabishana na mteja, mkono unafuata mdundo wenyewe. Nikatazama katikati kama nilivyoambiwa. Taa mbili tatu nikaziona. Halafu ikaja sauti, na hakukuwa na taa yoyote. Kidole changu kikabonyeza. Sauti, kidole. Sauti, kidole. Nilikuwa ninafuma sweta gizani.

"Mama, umebonyeza mpaka mahali hakuna taa," sista akasema tulipomaliza.

"Labda ziko, wewe ndio hujaziona," nikamjibu. Naona aibu sasa ninapokueleza.

Daktari aliikunjia karatasi uso. Akasema haiaminiki, kwamba karatasi inadai ninaona kama mtoto na nyuma ya jicho kunasema vingine, kwa hivyo turudie. Tukarudia mahindi yakiwa yamefika magotini. Nilibonyeza kwa adabu zaidi safari hiyo, ninaruka sauti moja moja ili isionekane, vile unavyoruka sindano kutengeneza ua. Daktari akakuna kichwa, akaniongezea chupa ya tatu, akanipa tarehe nyingine ya Agosti. Nyumbani Baba Wanja akauliza, "Wamesema nini?" Nikamwambia, "Karatasi inasema naona kama mtoto." Ona vile uongo unaweza kuvaa nguo za ukweli.

Karibu wakati huo mume wangu akaanza kuimba. Nikuambie kwanza kuhusu Baba Wanja: ni mtu wa maneno machache, na kanisani hufungua mdomo tu kwa heshima ya wimbo. Sasa anakaa kwenye stuli yake akinguruma nyimbo za ibada, hajui maneno, sauti ni moja toka mwanzo hadi mwisho. Akiinuka ananguruma. Akienda kwa jirani ananguruma, akirudi ananguruma. Nilifikiri ni uzee. "Baba Wanja, kwani leo ni Jumapili?" namuuliza. Anatabasamu, anaendelea. Woi, alinichosha.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya kwetu ambayo vidole havikunjiki, nilikuwa ninafunga kola za oda kubwa na nimepoteza hesabu mara mbili. "Nyamaza hata dakika kumi!" nikamkemea. "Nahesabu!" Akanyamaza. Nikahesabu vizuri, nikamaliza, nikasimama kwa nguvu nikiwa nimeshika sweta, nikageuka kushoto. Kiwiko changu kikagonga kitu. Kilikuwa jagi la uji wa moto, na lilikuwa mikononi mwake. Alikuwa ameenda kuninunulia kwa jirani, na alikuwa amesimama karibu nami hivi, ninyooshe mkono nimguse. Uji wote ukamwagika kwenye mkono wake, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.

Unajua nilifanya nini kwanza? Nilimfokea. "Kwani huna mdomo? Huwezi kusema uko hapo?"

Alikuwa ameuma meno, ngozi inabadilika rangi, jirani anakuja mbio na maji baridi. Akaniangalia. "Nilikuwa naimba, Mama Wanja," akasema. "Wewe ndio uliniambia ninyamaze."

Niliketi chini kwenye sakafu, kati ya uji na nyuzi. Nililia hadi watu wa barabarani wakafikiri ni mimi niliyeungua.

Alikuwa anajua tangu Januari. Aliniambia jioni hiyo, mkono umefungwa bandeji, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. "Ulianza kunipita hapo mlangoni bila kuniambia kitu, na wewe hujawahi kupita mtu bila kumwambia kitu. Nikaanza kuweka kikombe chako upande wa kulia. Nikaanza kuimba ndio ujue niko." Nikamweleza kila kitu, sauti ya mashine, kidole, mara zote mbili. Nilidhani atanihurumia. Alikasirika. Mtu mpole akikasirika ni jambo baya kuliona. "Ungepofuka hapa hapa kando yangu," akasema, "na mimi nakuimbia?" Siku tatu hatukuongea vizuri. Binti yetu Wanja alipiga simu kutoka Nakuru akisema mashine iuzwe, nihamie kwake. Nikamkatia simu, halafu nikampigia tena kuomba radhi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na uji.

Agosti, Baba Wanja alifunga kazi akanisindikiza. Tulimkuta Mama Chebet kwenye benchi, akatugawia mahindi ya kuchemsha ya shambani kwake, ya kwanza ya msimu, bado moto kwenye gazeti. Sijawahi kula mahindi matamu kama yale. Nilipoitwa, nilimwambia sista, "Safari hii sibonyezi ovyo. Zile mbili nilikudanganya." Akanitazama, akanigusa bega. "Wengi wanadanganya, mama. Wanataka kutufurahisha."

Ile ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimezaa mara tatu. Kutazama katikati, na kuacha pembeni pajisemee. Sauti inakuja, na hakuna taa. Kidole kinataka kufuata mdundo, unakizuia. Sauti tena, hakuna. Tena, hakuna. Kila mara unakubali kwamba hapo hakuna kitu tena, kwamba hapo palikuwa na maziwa na wingu na mtoto wa saizi ya ishirini na sita, na sasa pameenda. Nilitoka shavu limelowa.

Daktari akaiweka karatasi mezani. Pale kwenye karatasi jicho la kushoto lilikuwa jeusi upande wote wa kushoto, weusi umepinda kuelekea katikati. Akasema matone peke yake hayatoshi, lazima apasue jicho lile mapema, kabla weusi haujafika pale ninapotia uzi. Akaongeza kwamba tungechelewa mpaka mwaka mwingine angekuwa hana cha kulinda. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Baba Wanja aliivuta ile karatasi kwake. Aliiangalia muda mrefu, mtu ambaye hata risiti haangalii. Halafu akaweka kidole chenye bandeji kwenye ule weusi. "Stuli yangu iko hapa?" akaniuliza.

"Hapo," nikasema.

Akakunja karatasi vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati.

Nilipasuliwa watu wakivuna mahindi. Nilikatazwa kuinama, kubeba, hata kukohoa kwa nguvu. Nililala nimeegemea mito, jicho limefunikwa kikombe. Jicho lilihisi kama lina mchanga wiki nyingi. Baba Wanja ndiye aliyenifunga viatu, aliyeniosha miguu, aliyenifunga kitambaa cha kichwa vibaya hata Wanja alipokuja akacheka mpaka akakaa chini. Alinitia matone kwa mkono wake wenye kovu, ananihesabia kufinya kona ya jicho. Katika kupona kule nilijifunza alichokuwa anasema Mama Chebet. Nikiwa nimefumba macho nilianza kusikia chumba. Nilijua jiko limeshika, mvua iko mbali, mtu aliyesimama mlangoni ni mzito au mwepesi. Macho ya mlangoni hayakuwa machoni peke yake. Sehemu yake ilikuwa masikioni na kwenye ngozi wakati wote, ila nilikuwa sijaipa nafasi.

Presha sasa imeshuka na imetulia. Bado ninatia matone, na kope bado ni za ndama. Mashine ninayo. Ninafuma kidogo kuliko zamani, na mtoto akija saizi yake siijui tena mpaka nimpime kwa futi kama mafundi wengine. Hilo linaniuma, sitakudanganya. Nimewaambia watu wa Huruma wote: ukinisalimia taja jina, na ukinipita upande wa kushoto usihesabu kwamba nimeringa. Jirani wa mboga aliomba msamaha mpaka akanipa sukuma ya bure. Wewe pia waambie watu wako. Waambie mapema kuliko mimi. Na ukiwekwa mbele ya lile bakuli jeupe, usibonyeze kitu ambacho hujakiona.

Siku niliyorudi kazini nilikuta stuli ya Baba Wanja imehama. Alikuwa ameiweka mbele yangu kabisa, ng'ambo ya mashine, na yeye ameketi juu yake kama mtu anayepigwa picha, anakinga mwanga wote wa mlango. Sindano zikawa gizani.

"Hapo ndio unaniona," akasema.

"Nakuona sana," nikamwambia. "Rudi mahali pako. Mimi nitageuka."

Alibisha kidogo, akarudi. Kwa hivyo sasa, kila nikimaliza mistari ishirini, ninasimamisha chuma na kugeuza kichwa chote kushoto mpaka nimfikie. Miaka ishirini na saba nilimwona mtu huyu bila kumtazama. Sikuwa najua kwamba ndevu zimekuwa nyeupe namna ile, wala kwamba anatoa ulimi kidogo akivuta uzi wa kiatu. Yeye ananguruma wimbo wake bila maneno, na mimi sijamwambia tena anyamaze. Wakati mwingine ananikuta ninamwangalia, anaona haya.

"Unatafuta nini, Mama Wanja?"

"Sitafuti," namwambia, halafu ninarudi kwenye mstari wa ishirini na moja.